Vibao vya mapambo vya namba za nyumba: tunauziwa MDF kwa bei ya mninga

Wakuu, naomba nieleze hasira yangu kwa utaratibu, kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyeingizwa mkenge na mafundi wanaojitangaza mtandaoni kwamba wanatengeneza vibao vya kupendeza vya namba za nyumba.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zetu zina namba, barabara zetu zina majina, na anwani zinaonekana kwenye programu ya NaPA. Si ajabu basi kwamba mtu aliyejenga kwa jasho lake atataka namba hiyo ikae vizuri getini, badala ya kuchorwa ukutani kwa brashi iliyochakaa. Niliagiza kibao cha mninga, chenye nakshi pembeni na tarakimu za shaba zinazosomeka 114, kwa shilingi 85,000 zilizolipwa zote kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa hilo ndilo sharti lao.

Masika yalipoanza, ukingo wa chini ulivimba kama andazi, karatasi yenye sura ya mbao ikabanduka, na ndani ukaonekana unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, yaani MDF, ambayo kila seremala anajua kwamba ni ya makabati ya ndani na haistahimili mvua. Mninga hauna tabia hiyo. Maseremala wanaupenda kwa sababu ukishakauka vizuri hausinyai wala kupinda ovyo. Hizo ziitwazo tarakimu za shaba ni plastiki ya rangi ya dhahabu, tena zimebandikwa kwa supagluu bila hata pini moja nyuma. Skrubu nazo ni za chuma cha kawaida, zimeota kutu na kuchirizisha michirizi ya kahawia kwenye ukuta niliotoka kuupaka rangi.

Kisha tarakimu ya kwanza ikadondoka, nyumba yangu ikawa 14. Namba 14 halisi ipo mwanzo wa barabara hii hii, mbali kabisa na kwangu, kwa hiyo kijana wa bodaboda alisimama mbele ya geti langu, akasoma kibao, akaona amepotea, akaondoka na mtungi wangu wa gesi.

Nilipompigia fundi simu, alinijibu kwamba tatizo ni chumvi ya bahari, eti kwa kuwa ninaishi Kigamboni. Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko hasara yenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar una milango iliyochongwa katika karne ya 19, ambayo imepigwa na upepo huo huo wa bahari miaka yote hii, na nakshi zake bado zinaonekana. Bahari haijawahi kugeuza mninga kuwa MDF!

Kazi ya kibao cha nje si siri. Ubao uwe mgumu na mkavu. Vanishi ya nje ipakwe pande zote, pamoja na mgongo na hasa vichwa vya ubao, ambako maji hunyonywa kwa urahisi zaidi. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Tarakimu ziwe na pini zinazoingia ndani ya ubao, zisipungue urefu wa sentimita 10, na rangi yake itofautiane waziwazi na ya ubao. Zangu zilikuwa na mikia na mapindo mengi kiasi kwamba hata zilipokuwa zimekamilika hazikusomeka jioni ukiwa barabarani.

Sitaki kutengenezewa kingine na fundi huyo, kama alivyopendekeza, tena kwa sharti la kuongeza fedha ya "malighafi bora". Ninachodai ni kurejeshewa shilingi 85,000 zangu. Aliniahidi kuzituma mwisho wa mwezi uliopita. Sasa hapokei simu, lakini picha ya kibao changu bado anaitumia kutafutia wateja wengine.