Kupanga mipangilio ya majaribio kwa ngazi: pytest na YAML

Swali: Asalaam aleikum wandugu. Programu ya tikiti za boti za Mokowe–Lamu tunaijaribu kwa pytest, zana ya kujaribu programu za Python. Anwani ya seva, nauli na saa zimerudiwa katika kila folda. Nikibadilisha seva, nagusa faili tele. Nizipangeje? Tena mbona 06:30 yasomeka sawa kwenye YAML (muundo wa maandishi wa faili za mipangilio), lakini 13:30 yarudi 810?

Jibu: Waaleikum salaam. Ya pamoja yaweke kama fixture (kitendaji kinacholipa jaribio data yake) kwenye conftest.py, faili ambayo pytest huisoma yenyewe, ya folda ya juu kabisa. Folda ya chini iwe na conftest.py yake, yenye yanayotofautiana tu. Jina la fixture likiwa lilelile, ya karibu na jaribio ndiyo hushinda. Ngazi tatu zatosha.

Jibu: Naongeza hapo ndugu yangu, usiunganishe kamusi (dict za Python, zenye jina na thamani yake) kwa update(). Juu ukiwa na seva yenye anwani na muda, chini ukaandika seva yenye muda peke yake, anwani yapotea, maana kamusi yote ya ndani hubadilishwa. Andika kitendaji kinachounganisha ngazi kwa ngazi. Kisha kila jaribio lipe nakala yake kamili, hadi ya ndani, kwa copy.deepcopy, ama jaribio moja litageuza nauli na jingine lianguke bila kosa lake. Hitilafu hiyo ni ngumu kuisaka, kwani jaribio likiendeshwa peke yake hupita.

Jibu: Saa nazo, PyYAML, maktaba ya Python ya kusoma YAML, hufuata YAML 1.1, ambamo 13:30 ni hesabu ya msingi wa 60: 13 × 60 + 30 = 810. 06:30 yaanza na sifuri, hivyo hubaki maandishi. Zote zitie alama za nukuu, hata za asubuhi.