Mjadala: Je, mparaganyo ndio unaoeleza metali geni?

Mwanzisha mada, mwalimu wa fizikia, Ngara:
Wanafizikia wenzangu wa Nairobi, nalileta hili mbele yenu. Tangu Bednorz na Müller wagundue supakondakta za oksidi ya shaba (vitu ambavyo vikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani) mwaka 1986, kinachotusumbua zaidi ni tabia zake kabla hazijapoa. Katika metali ya kawaida iliyo baridi, ukinzani unaotokana na elektroni kugongana hufuata kipeo cha pili cha joto. Hizi, ambazo katika hali hiyo huitwa metali geni, ukinzani wake hupanda kwa mstari mnyoofu kadiri joto linavyopanda, na katika LSCO (oksidi ya shaba yenye lanthanamu na strontiamu) mstari huo hufika karibu kelvini 1000 bila kupinda. Mwaka 2023 Patel, Guo, Esterlis na Sachdev walieleza kwamba chanzo ni mparaganyo: nguvu ya elektroni kuathiriana hutofautiana ovyo toka sehemu hadi sehemu ya metali. Vijana wengi wanasema basi, fumbo limefumbuliwa. Mimi nakataa. Ukiipiga YBCO (oksidi ya shaba yenye itriamu na bariamu) kwa miale ya elektroni, kasoro huongezeka na mstari mzima husogea juu, ila mteremko hubaki ule ule. Mbona mteremko hauzisikii kasoro tulizoongeza?

Mwanafunzi wa uzamili, Chiromo:
Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima, hayo ni mambo mawili. Atomu iliyong'olewa mahali pake huipotosha njia elektroni moja moja, na ukinzani huo hautegemei joto. Ndiyo maana mstari hupanda sambamba. Mparaganyo wanaousema wao umo kwenye maingiliano yenyewe, yaani jinsi elektroni zinavyoathiriana. Tena katika LSCO strontiamu huchukua nafasi za lanthanamu bila mpangilio, kwa hiyo mparaganyo huzaliwa pamoja na fuwele.

Mwanzisha mada:
Marahaba. Lakini atomu ikitoka, majirani zake wote huvurugika, na maingiliano yao lazima yaguswe. Kwa kiasi gani? Nionyeshe hesabu ya YBCO iliyopigwa miale, si ya metali ya kubuni, hapo nitasikiliza.

Mchangiaji, Kasarani:
Nyote mmeruka kelele ya mkondo, yaani mitikisiko midogo ya mkondo wa umeme! Mwaka huo huo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliipima kwenye waya mwembamba mno wa YbRh₂Si₂ (mchanganyiko wa itabiamu, rodiamu na silikoni), metali geni isiyo na shaba hata chembe. Kelele ilikuwa ndogo kuliko inavyotarajiwa umeme ukibebwa na elektroni moja moja kama katika metali za kawaida, na mitetemo ya atomu haikutosha kueleza upungufu huo. Kabla ya kugombania mteremko, mwenye nadharia aniambie: mle ndani umeme unabebwa na nini?