Kubadilisha pini ya hedifoni: waya upi unakaa wapi?

Mjukuu wa Nansio
Wakuu, habari za jioni. Niko Nansio, Ukerewe. Babu husikiliza redio kwenye simu usiku, na nyumba yetu haina dari: akifungulia spika hakuna anayelala. Juzi waya wa hedifoni ulikatikia shingoni mwa pini. Nimenunua pini Mwanza mjini nikavuka nayo, leo nimekata ile ya zamani. Ndani kuna nyaya nne nyembamba kama nywele: mwekundu, wa kijani na mbili za rangi ya shaba. Pini mpya ina sehemu tatu tu za kuungia! Nimesokota kwa kubahatisha, kimya. Sikio la kulia la babu limeshakufa, anasikia kwa la kushoto tu. Nikikosea upande huo nimemfungia dunia. Naombeni msaada.

Fundi Redio Kirumba
Pole mkuu. Kilichokukwamisha kwanza ni vanishi. Nyaya hizo hazina ganda la plastiki. Rangi unayoiona ndiyo inayozuia umeme, ukisokota shaba haigusani na shaba. Pitisha ncha kwenye moto wa kiberiti kidogo tu, uzi wa nailoni uliomo ndani uungue, kisha futa masizi mpaka shaba ing'ae. Ipake risasi ya kulehemu kabla ya kuunga.
Kijani (kwingine bluu) ni kushoto, kinakwenda kwenye ncha ya pini. Nyekundu ni kulia, pete ya katikati. Zile mbili za shaba ni za kurudishia umeme, moja ya kila sikio. Zisokote pamoja uziunge kwenye shina, ule ulimi mrefu unaobana waya. Na kifuniko cha pini kipitishe kwenye waya KABLA ya kuunga, tafadhali.

Dada wa Mwaloni
Fundi kasema kweli, ila rangi usiziamini moja kwa moja. Mimi nilishakuta bluu iko kulia. Chukua betri ya tochi, ya volti 1.5. Shaba zote mbili, zikiwa zimesokotwa pamoja, upande mmoja wa betri, kijani upande wa pili, gusa na kuachia, usishikilie. Sikio lake litatoa mkwaruzo. Yakikwaruza yote mawili kwa sauti hafifu, umeshika kijani na nyekundu, za shaba hujazigusa betri.

Mjukuu wa Nansio
Dada, Mungu akubariki. Nimejaribu kwa betri ya tochi ya babu mwenyewe, kifaa kimoja kikiwa sikioni mwangu: kijani ni kushoto kweli. Ila kulia palikuwa kimya hadi nilipochoma ncha mara ya pili, vanishi ilikuwa imebaki upande wa chini.

Fundi Redio Kirumba
Umeshaunga?

Mjukuu wa Nansio
Nimeunga, shikamoo fundi. Babu kavaa tangu taarifa ya saa mbili, anatuhadithia habari kwa sauti kubwa.