Kidato cha nne, miaka 19: JKT nikitafuta Wanamaji, au nikaripoti chuo?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, shikamooni. Nina daraja la tatu, na nafasi ya stashahada ya umeme imetoka. Nyumbani wanasema nikaripoti. Mimi moyo wangu uko Jeshi la Majini. Desemba natimiza 20. Nikianzia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa kujitolea naruhusiwa kuchagua kamandi? Na watu hukwama wapi?

Nanga Kavu
Marahaba. Hilo neno "kuchagua" liondoe kwanza. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ina Nchi Kavu, Anga na Wanamaji, lakini hutumi maombi kwa kamandi. Unaandikishwa askari, unapitia mafunzo ya awali (shule ya Kihangaiko, hapo Msata, ni mojawapo), kisha jeshi linakupanga kwa mahitaji yake na kwa fani uliyokuja nayo. Kukulia Tanga ukijua kupiga mbizi hakukupeleki kwenye meli. Fundi umeme, fundi wa injini za dizeli, mchomeleaji, hao meli inawahitaji kila siku. Kwa hiyo hicho chuo unachokiona kinakuchelewesha ndicho kilicho karibu zaidi na bahari.

Halafu JKT si ajira. Kujitolea ni miaka miwili, na tangazo lenyewe husema wazi kwamba halikuahidi kazi kwenye chombo chochote. Usije ukamlaumu mtu. Wala usidhani utapangwa kambi ya Maramba au Mgambo kwa kuwa ni mkoani kwako. Unaweza kujikuta Bulombora, Kigoma.

Mama Hesabu
Mwanangu, piga hesabu ya umri kabla ya kitu kingine. Kwa matangazo ya karibuni, JKT kujitolea mwenye kidato cha nne asizidi miaka 20, mwenye stashahada asizidi 25. JWTZ kidato cha nne mwisho 24, stashahada 26.

Ukiingia JKT sasa unatoka na 22, umebakiwa na miaka miwili ya kusubiri usaili. Ukikosa, unaanza chuo na 24 ukiwa na cheti kilekile cha leo. Ukisoma miaka mitatu unamaliza na 23, JKT hadi 25, JWTZ umebakiwa na mwaka mmoja tu. Nafasi ni nyembamba, lakini ukikosa bado una mikono ya fundi. Mimi ningeripoti chuo. Ila usirudie mwaka hata mmoja, hesabu yote itavunjika.

Karani wa Mtaa
Mnasahau makaratasi, na huko ndiko wengi wanakofia. Cheti cha NECTA (baraza la mitihani) kinasema "Mohamed", NIDA (kitambulisho cha taifa) "Muhamadi", cha kuzaliwa "Mohammed". Mtu ni mmoja, ila kwenye dawati la usaili ni watu watatu. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo mbaya zaidi. Cheti cha NECTA ukichukue kama kigezo, hivyo vingine virekebishwe vikifuate: cha kuzaliwa RITA (wanaosajili vizazi) kwanza, kisha NIDA. Anza leo, tangazo likitoka wanatoa siku chache tu.

JKT maombi hupitia ofisi ya mkuu wa wilaya unakoishi, kwa hiyo barua ya serikali ya mtaa ni muhimu. JWTZ barua huandikwa kwa mkono na kupelekwa Makao Makuu Dodoma. Barua ya kuchapwa, hata iwe nzuri vipi, imekiuka agizo.

Michoro mwilini usijaribu, wala usioe kabla.

Kijana wa Chumbageni
Kuna bwana ananiambia nimpe laki tano, jina linaingia moja kwa moja.

Nanga Kavu
Tapeli huyo. Fomu hazina bei. Namba yake ipeleke polisi, na hela yako nunulia mita ya kupimia umeme, chuoni utaihitaji.

Karani wa Mtaa
Tena usinunue vifaa vya kambi kabla hujaitwa. Bukta inayotakiwa ni ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu. Madukani Ngamiani, hapo Tanga mjini, zimejaa nzuri zenye zipu, na hizo ndizo watu hubeba halafu wanaambiwa watafute nyingine. Shuka ni mbili, bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi.

Kijana wa Chumbageni
Asanteni wakuu. Kesho naanzia RITA, kwangu ni tarehe ya kuzaliwa iliyotofautiana.