Beki wa chuo aliyeshachaguliwa na NHL: asaini sasa au abaki mwaka mwingine?

Swali
Wadau wa hoki ya barafu, naomba ufafanuzi. Nafuatilia beki wa miaka 20 anayechezea chuo huko Marekani, yuko mwaka wa pili. Klabu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, ilishamchagua kwenye drafti (zoezi la klabu kuchagua vijana kwa zamu) lakini hajasaini. Pointi zake zimepanda sana msimu huu. Je, drafti haimfungi? Na nitajuaje kama ameiva kweli?

Jibu 1
Mkuu, drafti inampa klabu haki, haimpi kijana ajira. Ndani ya NHL ni klabu hiyo tu inayoweza kumsainisha, ila haki hiyo ina mwisho. Mfano mzuri ni Jimmy Vesey. Klabu ya Nashville walimchagua 2012, nafasi ya 66. Akacheza Harvard miaka yote minne, akatwaa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, 2016, na hakusaini. Nashville wakauza haki zake kwa Buffalo mwezi Juni. Agosti 15 haki zikaisha, akawa huru, akaenda zake New York Rangers. Kwa hiyo klabu ikiona kijana anaelekea mwaka wa nne bila mkataba, lazima iingiwe na wasiwasi.

Jibu 2
Naongezea upande wa mkataba, maana hapo ndipo wengi huchanganya. Kwa utaratibu uliotumika miaka hiyo, anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 hupewa mkataba wa kwanza wa miaka mitatu. Wa 22 na 23 hupewa miwili. Sasa mtazame Cale Makar, beki wa chuo aliyekuwa amechaguliwa na klabu ya Colorado. Aprili 13, 2019 timu yake ya UMass (Chuo Kikuu cha Massachusetts) ilifungwa 3-0 na Minnesota Duluth kwenye fainali ya vyuo. Kesho yake akasaini Colorado. Aprili 15 akaingia barafuni dhidi ya Calgary, mechi ya mtoano, na akafunga. Mechi zile chache zilimhesabia mwaka mzima wa mkataba, kwa hiyo kufikia 2021 mkataba huo wa miaka mitatu ulikuwa umekwisha na akasaini mwingine wa dola milioni 54 kwa miaka sita. Wakala mzuri huomba jambo hilo mapema.

Jibu 3
Pointi peke yake zisikudanganye. Kwanza zichambue: ngapi zimepatikana wapinzani wakiwa pungufu kwa sababu ya adhabu? Kama ni nyingi mno, tazama dakika za watano kwa watano, timu zote zikiwa kamili.

Halafu mwangalie anapofuata paki (kile kisahani kinachochezewa) kwenye kona yake. Kabla hajaigusa, anageuza shingo mara ngapi? Beki aliyeiva huangalia nyuma ya bega mara mbili au tatu, kwa hiyo pasi yake ya kwanza inatoka mara moja. Asiyeangalia huipokea paki kwanza ndipo aanze kutafuta mtu. Chuoni hiyo sekunde anaipata. Kwa wakubwa anakuwa ameshabanwa ukutani.

Jambo la pili ni umbali kati yake na mshambuliaji anayeingia. Kwenye mstari wa bluu, unaotenga eneo lake la ulinzi, uwe karibu urefu wa gongo. Akianza kurudi nyuma mapema anamwachia mshambuliaji huyo nafasi ya kupiga. Mara nyingi chanzo ni miguu: hajiamini akigeuka kwenda upande wake dhaifu.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na mwili? Anaonekana mwembamba.

Jibu 3
Hiyo ndiyo faida kubwa ya chuo. Mechi nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, katikati ya wiki ni chuma na mazoezi. Makar mwaka wa kwanza alicheza mechi 34, pointi 21. Wa pili mechi 41, pointi 49. NHL ya wakati ule ilikuwa mechi 82, hakuna wiki ya kujenga misuli. Kama wa kwako anasukumwa kirahisi mbele ya goli lake, mwaka wa tatu chuoni utamfaa kuliko kukaa benchi.

Jibu 2
Ipo pia njia ya kati: timu ya chuo ikishatolewa, anamaliza msimu AHL, ligi iliyo chini ya NHL, kwa mkataba wa majaribio, na ule wa NHL unaanza msimu unaofuata. Ila akishasaini kulipwa, harudi tena kuchezea chuo. Akipita huko, angalia kama kocha anamwingiza timu ikiwa pungufu.