Tyubu ya 6922 kwenye amplifaya ya hedifoni: ya kisasa, ya Kisovieti au ya NOS?

Msikivu ameandika:

Wanajamvi, salaam. Nina amplifaya ya hedifoni inayotumia tyubu moja (kile kioo chenye ombwe kinachokuza mawimbi ya sauti) ya aina ya 6922, nami nimeamua kuibadilisha. Baada ya kupitia matangazo ya wauzaji nimebaki na chaguo tatu: E88CC (jina la Ulaya la 6922) mpya ya kampuni ya JJ, ambayo bado inatengenezwa Slovakia, 6N23P ya Kisovieti inayokaribiana nayo, au 6922 ya kampuni ya Amperex ya NOS, yaani iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita na kubaki ghalani bila kutumika, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya hizo nyingine. Nakusudia kuagiza kabla ya wiki hii kwisha. Ipi kati ya hizo ina sauti bora?

FundiOktali amejibu:

Mkuu, swali lako halijibiki jinsi lilivyo. Hukutaja amplifaya yenyewe ni ya aina gani, hedifoni zako zina impidansi ya omu ngapi, wala kilichokufanya utake kubadilisha. Tyubu iliyopo imekufa, imeanza kelele, au umechoka tu na sauti yake? Na kubwa kuliko yote, kitabu cha maelekezo kinaruhusu hita (waya unaoipasha tyubu joto) ya miliampia ngapi?

Nauliza la mwisho kwa makusudi. Soketi ya pini tisa hupokea tyubu yoyote ya umbo hilo, hata ile itakayoharibu kifaa. Hita ya 6922 hutumia volti 6.3 na miliampia 300, na ndugu yake 6DJ8 hutumia miliampia 365. Wauzaji wengi huiweka 6N1P katika kundi hilohilo kwa sababu mpangilio wa pini zake unafanana, ilhali hita yake inadai miliampia 600. Transfoma iliyopimwa kwa 300 ikilazimishwa kutoa 600, itachemka. Ukichomeka 12AU7 hapo, kosa ni la upande wa pili: kati ya pini ya 4 na ya 5 hita yake inahitaji volti 12.6, kwa hiyo itapata nusu tu na kathodi, sehemu inayotoa elektroni, haitafikia joto lake.

Mzee_wa_Triodi amejibu:

Chukua 6N23P, ndugu yangu, na umalize shauri. Hita yake ni kama miliampia 310, kwa hiyo hofu ya Fundi haipo hapo. Tafuta zile zenye herufi EV mwishoni, ambazo zilichaguliwa kwa maisha marefu na uimara. Zenye nembo ya roketi zilitoka kiwanda cha Voskhod kule Kaluga. Zina besi iliyoshikamana na sauti ya juu iliyo wazi bila kukwaruza sikio. Nimesikiliza Amperex nyingi nzuri, sikatai, lakini tofauti ya sauti haifanani hata kidogo na tofauti ya bei.

KelelePungufu amejibu:

Mnaisahau PCC88, ambayo Wamarekani huiita 7DJ8. Katika mtindo wa Ulaya wa kutaja tyubu, herufi ya kwanza hueleza hita: E ni volti 6.3, na P ni hita za miliampia 300 zilizounganishwa kwa mfululizo ndani ya televisheni. Kwa hiyo PCC88 na ECC88 (jina la Ulaya la 6DJ8) zinatofautiana kwenye hita tu, na ya kwanza inataka volti 7. Ukiipa 6.3 inakosa asilimia 10, upungufu ambao kwa kawaida huvumilika. Kwa kuwa wengi huiogopa ile herufi P, unaweza kupata tyubu ya kiwanda kilekile cha zamani kwa bei nafuu mno. Mimi situmii nyingine.

FundiOktali amejibu:

Inavumilika pale ambapo umeme wa hita unafika 6.3 kamili. Kuna amplifaya ambazo hita hupata 6.0 au pungufu yake kwa sababu ya urefu wa waya na udhaifu wa transfoma. Hapo PCC88 itakuwa na njaa, na kathodi inayofanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu huathirika. Pima kwanza, kisha usifie.

BintiAnodi amejibu:

Kabla Msikivu hajashawishika na neno NOS, naomba nieleze yaliyonipata, hata kama maelezo yatakuwa marefu.

Niliagiza E88CC mbili zilizotangazwa kuwa za Telefunken, ambazo hazijawahi kutumika, pamoja na picha ya mashine ya kupimia ikionyesha mshale umesimama kwenye eneo la kijani. Zilipofika nilitazama kwanza chini ya kioo, katikati ya mzunguko wa pini, kwa kuwa tyubu zilizotengenezwa na Telefunken wenyewe huwa na alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo. Haikuwapo kwenye hata moja. Muuzaji alinijibu kwamba Telefunken waliuza pia tyubu za viwanda vingine kwa jina lao, jambo ambalo ni kweli, kwa hiyo nikakubali yaishe.

Ya kwanza ilifanya kazi vizuri kwa muda, kisha upande wa kulia ukaanza sauti kama ya mafuta yanayokaangwa, ikianza dakika chache baada ya tyubu kupata joto na kuzidi kadiri usikilizaji unavyoendelea. Niliitoa na kuitazama kwenye mwanga. Lile doa la fedha la bariamu lililo juu ya kioo, ambalo kazi yake ni kunasa gesi iliyobaki ndani, lilikuwa limekuwa jembamba na kingo zake zimegeuka kahawia. Ilikuwa tyubu iliyotumika sana, imesafishwa na kutiwa kwenye boksi jipya. Nilipomwandikia muuzaji tena, alidai kwamba amplifaya yangu ndiyo iliyoiua.

Nilimpelekea fundi mwenye mashine inayopima jinsi gridi, yaani wavu unaopokea sauti inayoingia, inavyoutawala mkondo wa elektroni unaofika kwenye anodi. Ile iliyokuwa kwenye picha ya muuzaji hupima tu kama kathodi bado inatoa elektroni, na tyubu dhaifu hupita jaribio hilo bila shida. Upande mmoja wa tyubu ile ya kwanza ulikuwa chini sana ukilinganishwa na mwenziwe. Ya pili ilipimika vizuri kiasi, lakini ilikuwa na maikrofoniki mbaya: ukigusa meza kwa ncha ya kidole, hedifoni zinalia kama kengele. Fedha haikurudi. Na jina la Telefunken, nilipolisugua kidogo kwa kidole, lilifutika lote.

Mzee_wa_Triodi amejibu:

Pole sana, dada. Ila hilo la mwisho halithibitishi ughushi. Wino wa zamani, hasa wa Mullard, ni dhaifu na hufutika kwa kuguswa tu, ilhali wanaochapa majina bandia siku hizi hutumia wino unaong'ang'ania. Ninapoona maandishi meupe yanayong'aa ambayo hata spiriti haiyatoi, ndipo ninapotilia shaka.

BintiAnodi amejibu:

Basi mnunuzi afanye nini, Mzee? Wino ukifutika ni wa kweli, usipofutika ni wa bandia, na wa kweli ukishafutika hauna thamani tena sokoni!

Mzee_wa_Triodi amejibu:

Atazame umbo la ndani: sahani za anodi, namna doa la fedha lilivyobebwa, na namba za kiwanda zilizoandikwa chini ya kioo. Hayo hayaghushiki kirahisi kama jina.

Sauti_Safi amejibu:

Nyote mnazungumzia ununuzi, ilhali wengi huharibu tyubu nzuri kwa sababu ya uchomekaji. Kioo kisiguswe kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huunda doa la joto na kukipasua. Vaa glovu za pamba. Pia, tyubu mpya isihukumiwe mpaka imewaka saa mia moja.

FundiOktali amejibu:

Hilo la mafuta ya ngozi ni la balbu za halojeni, ambazo kioo chake hufikia mamia ya nyuzi joto. Tyubu ndogo kama 6922 haifiki huko hata kwa mbali. Glovu za pamba huteleza, na tyubu inayoteleza mkononi hupinda pini. Futa kioo kwa kitambaa kikavu ukipenda usafi, ila usipite juu ya maandishi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Zima, chomoa waya wa ukutani, chomoa hedifoni, kisha usubiri tyubu ipoe na kapasita zimwage chaji yake. Katika amplifaya inayotumia tyubu pekee huweza kubaki mamia ya volti baada ya kuzima, kwa hiyo kifuniko cha chini kisifunguliwe na mtu asiyejua kupima. Shika kioo karibu na soketi, vuta wima huku ukiyumbisha kidogo sana kila upande. Wakati wa kurudisha, tafuta kwa macho lile pengo pana kati ya pini ya 1 na ya 9, lilinganishe na la soketi, na usisukume mpaka pini zote tisa zimeingia mdomoni. Pini iliyopinda hunyooshwa polepole kabla ya kuchomeka, kwa maana ukiilazimisha, kioo hupata ufa pale pini inapotokea na hewa huingia. Lile doa la fedha likigeuka jeupe kama chaki, tyubu hiyo imekwisha.

Sauti_Safi amejibu:

Na saa mia moja je? Masikio yangu yamesikia mabadiliko mara nyingi.

FundiOktali amejibu:

Nakubali kwamba tyubu iliyokaa ghalani kwa miongo mingi huweza kutulia ikiwaka saa kadhaa za mwanzo, na kelele ndogo zikapungua. Saa mia moja ni muda wa masikio kuizoea tyubu, wala si wa tyubu kubadilika.

Msikivu amejibu:

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa. Amplifaya ni ya mseto: tyubu moja mbele, transista kwenye hatua ya kutoa. Kitabu kinasema 6DJ8, 6922 au zinazolingana nazo, na hita isizidi miliampia 400. Hedifoni ninazotumia zaidi ni Sennheiser HD 650. Sababu ya kubadilisha ni kwamba kuna mkwaruzo upande wa kulia, hasa ninapoongeza au kupunguza sauti.

KelelePungufu amejibu:

Mkuu! Hilo ndilo lililopaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

FundiOktali amejibu:

Naam. HD 650 ina omu 300, na transista zako zinaimudu bila taabu, kwa hiyo upande huo hauna neno. Kuhusu mkwaruzo unaokuja unapozungusha kitufe cha sauti, mimi ningeanza kushuku potenshiometa, yaani kile kipinga kinachozungushwa na kitufe hicho, si tyubu. Tyubu mbovu hukwaruza yenyewe hata usipogusa kitu.

Kwa kuwa tyubu yako ni moja yenye triodi mbili, yaani vikuzaji viwili ndani ya kioo kimoja, kimoja kwa kila upande, huwezi kubadilishana kushoto na kulia kama wafanyavyo wenye tyubu mbili. Fanya hivi: kwanza badilisha nyaya za kuingiza sauti, ya kulia iende kushoto. Mkwaruzo ukihama, chanzo kiko nje ya amplifaya. Usipohama, chomoa kabisa nyaya hizo na usikilize kitufe kikiwa kimetulia katikati. Kukiwa kimya mpaka ukizungushe, ni potenshiometa, nayo husafishwa kwa dawa ya kupulizia viungo vya umeme. Ukisikia kelele hata hapo, zima, na baada ya kupoa chomoa na kuchomeka tyubu mara tatu au nne ili pini zijisugue ndani ya soketi, kisha sikiliza tena. Pini zilizofifia kwa kutu nyepesi hupanguswa kwa brashi laini yenye alkoholi ya isopropili na kuachwa zikauke.

Mzee_wa_Triodi amejibu:

Hata hivyo, tyubu ya akiba ni lazima awe nayo. Bila ya pili hawezi kuthibitisha kwamba ya kwanza ni mbovu. Kwa kazi hiyo 6N23P inatosha, nayo iko chini ya kikomo cha kitabu chake.

BintiAnodi amejibu:

Kwa tyubu ya majaribio mimi ningechukua ile mpya ya JJ, yenye dhamana na muuzaji anayepatikana. Kazi yake ni kukuambia ukweli kuhusu kifaa, na tyubu ambayo historia yake haijulikani haiwezi kufanya hivyo.

KelelePungufu amejibu:

Au PCC88 mbili, kwa bei ya hiyo JJ moja.

FundiOktali amejibu:

Kelele, kwanza tuambiwe hita ya amplifaya hiyo inapata volti ngapi.

Msikivu amejibu:

Mita ya kupimia sina, nitaazima. Nyaya nimezibadilisha sasa hivi kama mlivyoshauri, na mkwaruzo umebaki kulia. Nikizichomoa na kukiacha kitufe kimetulia, kuna kimya, ila mara mojamoja nasikia mlio mdogo kama wa cheche. Je, huo nao ni wa potenshiometa, au sasa tunarudi kwenye tyubu?

Mzee_wa_Triodi amejibu:

Tyubu. Agiza 6N23P.

FundiOktali amejibu:

Inaweza kuwa soketi, na inawezekana una matatizo mawili kwa pamoja. Igonge tyubu kwa upole kwa ncha ya penseli ikiwa inawaka, utuambie kama cheche zinaongezeka.