Skuli ya muziki Mji Mkongwe: tumngoje mfadhili au mtalii alipe?

Mwana wa Ng'ambo:
Assalaam alaykum nyote. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichokaa miaka mingi kwenye Forodha ya zamani pale Mizingani, hapa Zanzibar, kilianza 2002 kikibebwa sana na balozi na wafadhili wa nje. 2019 pesa zikakauka, wakatangaza kuwa huenda wakafunga. Kabla yake, tamasha la muziki la Sauti za Busara la 2016 halikufanyika kabisa, fedha hazikutimia. Mtoto anayejifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, anatoka mitaa ya Kwahani au Magomeni, lakini masomo yake yanaamuliwa na bajeti ya watu wasiomjua.

Sasa, 2024 tumepokea watalii zaidi ya 700,000. Tangu Oktoba ya mwaka huo kila mgeni anakata bima ya dola 44 akiingia. Mie nasema iongezwe dola moja tu, iende kwenye skuli za sanaa. Mnaonaje?

Mtozwa Kodi:
Dola ikishaingia serikalini unajua itatokea wapi? Leo utapewa ruzuku, kesho utaambiwa kikundi chako kikatumbuize kwenye mkutano wa hadhara, tena bure. Balozi angalau anataka risiti tu.

Mpiga Fidla:
Risiti tu? Kaka, wewe hujawahi kuandika ripoti ya robo mwaka. Niliwahi kufundisha kwenye mradi mmoja, jina nalihifadhi. Tuliomba nyuzi za kanuni, ala ya taarabu inayolazwa na kudonolewa kwa vidole. Kanuni moja ina nyuzi zaidi ya sabini na hapa kwetu hazitengenezwi. Nyuzi hazikuwemo kwenye bajeti, semina ilikuwemo. Tukakaa semina siku tatu, tukala sambusa, kanuni ikabaki kibogoyo.

Hata hivyo simtukani mfadhili. Zamani kanuni na udi ulijifunza kwa kukaa na wazee wa klabu za taarabu, na wazee wale hawakumkaribisha kila mtu. Msichana ndiyo kabisa, yeye kazi yake ilikuwa kuimba. Leo wako wasichana wanaopiga udi jukwaani, na wengi mlango waliupata chuoni. Pesa za wageni hizo, tusijifanye hatuoni.

Bi Mkubwa wa Malindi:
Wanangu, mnazungumza kama ufadhili umeanza jana. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar karne ya kumi na tisa, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, kwa ajili ya starehe ya kasri. Si ufadhili huo? Lakini 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu yao ya taarabu, Ikhwani Safaa, wakaagiza ala Misri. Sultani kaondoka 1964, klabu ipo mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu ina wanachama wanaoiona yao. Nyie mnataka kumtoza Mtaliano dola, na wenyewe mmechanga lini? Harusini mnatunza shilingi ngapi?

Mwana wa Ng'ambo:
Shikamoo Bi Mkubwa. Kutunza tunatunza, ila anayetunzwa ni mwimbaji. Aliyemfundisha mpiga fidla hakuna anayemkumbuka. Na wale vijana wa 1905, kwa heshima zote, wengi walikuwa watu wa kujiweza. Mtoto wa mama muuza urojo achange nini?

Mie hasira zangu ziko kwa hoteli. Iko moja inauza chakula cha usiku "pamoja na taarabu", wageni wanalipa kwa dola, wapigaji watano wanaambulia nauli na sahani ya wali. Basi kama serikali haiaminiki, hiyo dola itoke hotelini iende chuoni moja kwa moja, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Mtozwa Kodi, hapo bado una neno?

Mtozwa Kodi:
Ninalo. Nani atabandika?